Hita Iliyotoboka Kila Masika: Kisa cha Dobi Moja la Arusha

Dobi linalozungumzwa hapa hufua mashuka, taulo na vitambaa vya meza vya mahoteli ya Arusha na vya kambi za watalii zilizoko mbugani. Maji moto ya mashine zake yanatoka kwenye hita moja ya gamba na mirija. Mvuke wa boila unaingia kwenye gamba, maji yanapita ndani ya mirija, mvuke unapoa na kugeuka maji, na maji ya kufulia yanatoka yakiwa na nyuzi 75. Hita hiyo ilitoboka mirija misimu mitatu ya masika mfululizo.

Kuanzia Juni mpaka Oktoba, watalii wamejaa na mashine zote zinazunguka usiku na mchana, haikuvuja hata tone. Ilivuja Aprili na Mei, wakati barabara za mbugani ni matope, kambi nyingi zimefungwa na nusu ya mashine zimezimwa. Yaani ilikuwa inakufa ikiwa imepumzika. Hilo peke yake lilitosha kuanzisha uchunguzi, lakini halikumshughulisha mtu, maana jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa kila mmoja: maji ya Arusha.

Dalili ilikuwa ile ile kila mwaka. Tangi la kulishia boila linafurika huku pampu ya kujazia imezimwa. Msimu wa kazi ndogo, shinikizo la mvuke ndani ya gamba huwa chini ya shinikizo la maji ndani ya mirija. Mrija ukitoboka, maji ndiyo yanayokimbilia upande wa mvuke, yanaungana na kondenseti, yaani maji yanayobaki mvuke ukishapoa, na yote yanarudi tangini. Siku chache baadaye boila inaanza kutoa povu, mvuke unabeba majimaji, na mashuka yanatoka kwenye mashine ya pasi yakiwa bado na unyevu. Hapo ndipo simu zinaanza kupigwa.

Masika ya kwanza walipata mirija miwili iliyotoboka, wakaiziba kwa vizibo vya chuma na kuendelea na kazi. Kisha mtu akashauri hita isafishwe kwa asidi kwa sababu "chumvi imekula mirija". Ikamwagwa asidi ya haidrokloriki bila dawa ya kuizuia isile chuma chenyewe. Masika ya pili tita zima la mirija lilitolewa likapelekwa karakana mjini. Mirija ya awali, ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, ikaondolewa na badala yake ikawekwa mirija ya chuma cha kawaida cha boila. Masika ya tatu mirija hiyo mipya nayo ikatoboka.

Nilipoitwa, mwenye mali alikuwa na ofa mbili mezani: softena kubwa zaidi ya kulainisha maji, na tita jipya la mirija ya chuma kisichoshika kutu. Alitaka nimwambie ipi ina nafuu. Nikamwomba kwanza anipe mirija iliyokufa.

Hita yenyewe si kubwa. Ina mirija 24 iliyokunjwa umbo la U, ncha zake zote zimeshikwa kwenye sahani kuu moja ya chuma kinene, hivyo matundu ni 48. Kila mrija una kipenyo cha nje cha milimita 19.05 na unene wa milimita 2.11. Umbo la U lina faida kubwa kwenye kazi ya mvuke: mrija ukipata moto unarefuka upande wa kunjo bila kusukumana na gamba. Hita zenye sahani mbili zilizochomelewa pande zote hazina uhuru huo. Ubaya wake ni kwamba kwenye kunjo huwezi kupitisha brashi iliyonyooka, na mrija wa safu ya ndani ukitoboka huwezi kuutoa bila kung'oa walio nje yake. Katikati ya tita kuna sahani za kati, vibao vya chuma vilivyokatwa upande mmoja, ambavyo vinaishikilia mirija isitetemeke na kuulazimisha mvuke kwenda zigizaga. Kumbuka sahani hizo, nitazirudia.

Tulipasua mirija minne kwa urefu, miwili ya safu za chini na miwili ya juu. Ndani yote ilikuwa na utando mweupe mwembamba kuliko ukucha. Tone la asidi halikuufanya utoe mapovu, dalili kwamba sehemu kubwa si chokaa. Hilo halikunishangaza. Maji mengi ya chini ya ardhi kuzunguka Mlima Meru ni ya bikaboneti ya sodiamu, yana kalsiamu kidogo, na kwa kuwa yametoka kwenye miamba ya volkano yana silika. Utando wa silika hauyeyuki kwa asidi ya haidrokloriki. Asidi waliyomwaga iliacha utando na kula chuma.

Lakini hakuna mrija uliotoboka kutokea ndani. Matundu yote yalianzia nje, upande wa mvuke. Mirija ya safu za chini ilikuwa na mifereji laini inayong'aa, chuma kimeliwa bila kuacha ukoko wa kutu. Maikromita ilisoma milimita 1.1 mahali pengine, na karibu na tundu ilikuwa kama karatasi. Mirija ya safu za juu, ya umri ule ule, inayopitisha maji yale yale, ilikuwa bado na milimita 2 na ushee. Na mpaka kati ya palipoliwa na pasipoliwa ulikuwa umenyooka kukata tita zima, kama alama inayobaki ukutani baada ya mafuriko.

Kama maji ya kufulia ndiyo yangekuwa adui, mirija yote ingeumwa, tena kutokea ndani. Kwa hiyo ofa ya softena ikatoka mezani saa hiyo hiyo. Softena hubadilisha kalsiamu na magnesiamu kwa sodiamu. Bikaboneti inaiacha ilivyo, na hapa, kama tutakavyoona, bikaboneti ndiyo yenye kesi.

Kuhusu floridi niseme kidogo, maana mjini hapa hulaumiwa kwa kila kitu, kuanzia birika mpaka betri ya gari. Ni kweli iko nyingi. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa na vyanzo vingi vya ukanda huu huvuka hapo, ndiyo maana kuna kituo cha utafiti pale Ngurdoto kinachoiondoa kwa mkaa wa mifupa. Ila floridi haipandi na mvuke. Inabaki kwenye maji ya boila na kutoka pale maji ya chini ya boila yanapomwagwa. Haiwezi kuila mirija kutokea upande wa mvuke.

Aliyefungua fumbo ni opereta wa boila, mzee wa makamo ambaye alikuwa hajaulizwa na mtu. Baada ya shikamoo na habari za kazi nilimuuliza kama hita ina tabia yoyote ya ajabu asubuhi.

"Inagonga," alisema. "Msimu wa watalii imetulia kabisa. Kazi ikipungua, asubuhi ukifungua mvuke inapiga ngo! ngo! mpaka bomba linaruka. Mimi nimejifunza, nafungua koki ya chini, namwaga maji ya gamba sakafuni, inanyamaza."

"Na yanatoka mengi, mzee?"

"Ndoo na ndoo. Siku nyingine naiacha koki wazi kidogo mpaka jioni."

Gamba la hita ya mvuke halitakiwi kuwa na ndoo za maji. Kondenseti ikishatokea inapaswa kuondoka papo hapo kupitia trapu, kifaa kinachoruhusu maji yapite na kuuzuia mvuke. Trapu ya hita hii ilikuwa nzima, niliipima. Tatizo ni kilichokuwa mbele yake. Aliyefunga mabomba alitaka sakafu iwe wazi kwa ajili ya mikokoteni ya nguo, akalipandisha bomba la kondenseti mita 4 juu hadi darini ndipo likaenda tangini. Kila mita 10 za maji ni karibu baa 1 (baa ni kipimo cha shinikizo), kwa hiyo ili kondenseti ipande huko, gamba lazima liwe na shinikizo la baa 0.4 hivi juu ya hewa ya nje. Hakuna pampu. Kinachosukuma ni mvuke wenyewe.

Kazi ikiwa kubwa, mvuke ndani ya gamba una baa 3 na unasukuma bila shida. Kazi ikipungua, maji yanarudi kwenye hita yakiwa tayari na joto, na valvu ya kudhibiti mvuke inajifunga ili maji yasizidi nyuzi 75. Ikijifunga, shinikizo ndani ya gamba linashuka. Likishuka chini ya baa 0.4, kondenseti haina wa kuipandisha. Inasimama.

Swali ni linashuka hapo kazi ikiwa kiasi gani, na jibu lake halihitaji kompyuta. Pampu ya mzunguko hupitisha maji tani 4 kwa saa. Kazi ikiwa kamili yanaingia na nyuzi 20 na kutoka na 75, wastani nyuzi 47.5. Kuyapasha hivyo kunahitaji kilowati 256 hivi za joto, na kondenseti ya kilo 430 kwa saa. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya bahari, hewa yake ina shinikizo la baa 0.86 tu, kwa hiyo geji ikisoma baa 3, shinikizo halisi ni 3.86 na mvuke una nyuzi 142. Tofauti ya mvuke na wastani wa maji ni nyuzi 94.5. Tofauti hiyo hupungua sambamba na kazi. Kazi ikiwa nusu, inatosha nyuzi 47, na wastani wa maji wakati huo ni kama nyuzi 61, kwa hiyo mvuke unahitaji kuwa na nyuzi 108 tu. Sasa, kusukuma kondenseti mita 4 juu hapa Arusha kunahitaji shinikizo halisi la baa 1.26, ambalo ni mvuke wa nyuzi 106. Ukiendelea na hesabu, kazi ikishuka chini ya asilimia 46 hita inaanza kujaa maji. Masika dobi lilikuwa linafanya kazi chini ya hapo karibu kutwa nzima.

Ikishuka zaidi, chini ya asilimia 30, mvuke unaohitajika una nyuzi zisizofika 95, ambazo hapa ndizo nyuzi maji yanazochemkia sufuriani. Gamba linaingia kwenye ombwe, linavuta badala ya kusukuma. Hapo hata ungeondoa mita 4 zote, trapu peke yake haiwezi kuyatoa maji. Mafundi wengi wanaiona geji inasoma sifuri na kudhani mvuke umekatika. Mvuke upo, ila umekuwa dhaifu kuliko hewa ya nje.

Hiyo inaeleza mlio wa ngo! ngo!: mvuke mpya unaingia juu ya maji yaliyopoa, viputo vinafinyika ghafla na maji yanajipigiza kwenye chuma. Inaeleza pia ile alama iliyonyooka kwenye tita. Haielezi bado kwa nini chuma kililiwa laini hivyo, kwa sababu kondenseti safi ni maji safi kuliko hata ya kunywa.

Haikuwa safi. Maji ya bikaboneti ya sodiamu yakiingia kwenye boila, joto linaivunja bikaboneti kuwa kaboneti, na sehemu kubwa ya kaboneti kuwa soda kali. Kila hatua inatoa gesi ya kaboni dioksaidi. Soda inabaki kwenye boila, ambako kwa kiasi chake inalilinda chuma. Gesi inapanda na mvuke, na mvuke unapogeuka maji, gesi inayeyuka humo na kuwa asidi ya kaboni. Kanuni ya mezani ni kwamba kila miligramu 1 ya ualkali (uwezo wa maji kumeza asidi) wa bikaboneti, ukiuhesabu kama kalsiamu kaboneti, inatoa karibu miligramu 0.79 za gesi. Maji ya kisima cha dobi yalikuwa na ualkali wa miligramu 200 kwa lita. Nusu ya maji ya boila yalikuwa mapya na nusu kondenseti iliyorudi, kwa hiyo mvuke ulibeba karibu miligramu 79 za gesi kwa kila kilo.

Nilipima kondenseti kwa sampuli iliyopitishwa kwenye koili ndani ya ndoo ya maji baridi. Ukiikinga ikiwa bado inatoa mvuke, gesi inatoroka kabla hujaipima na unapata jibu la kukufurahisha. Ya kwetu ilisoma pH 5 na kidogo, yaani ni asidi, na ilikuwa na rangi ya chai hafifu kwa chuma ilichokuja nacho.

Lakini gesi hiyo ilikuwapo mwaka mzima, Agosti kama Aprili. Hita ikifanya kazi vizuri, kondenseti inaondoka ikiwa karibu na joto la mvuke wenyewe, na maji ya moto kiasi hicho hayashiki gesi nyingi. Yanadondoka, yanapita, yamekwenda. Kondenseti ikisimama chini ya gamba huku mirija yenye maji ya nyuzi 60 imelala ndani yake, inapoa, inaendelea kunyonya gesi, na inakaa juu ya chuma saa baada ya saa. Na opereta kwa kuokoa masikio yake alikuwa anamwaga kondenseti sakafuni. Kila ndoo aliyomwaga ilibidi ifidiwe na ndoo ya maji ya kisima, yenye bikaboneti mpya, inayozaa gesi mpya. Simlaumu. Angeiacha inagonga, tungekuwa tunazungumzia flenji iliyopasuka na mtu aliyeungua.

Sasa zile sahani za kati. Kwenye hita inayogeuza mvuke kuwa maji ndani ya gamba lililolala, mkato wa sahani unawekwa ubavuni, ili mvuke uende kushoto na kulia na kondenseti itiririke sakafuni mwa gamba bila kuzuiwa. Tena kila sahani inatobolewa kijidirisha upande wa chini kabisa kupitisha maji. Karakana iliyotengeneza tita upya ilizichonga sahani vizuri tu, matundu yamekaa sawa, upana umezidi mrija kwa milimita 0.8 kama inavyotakiwa. Ila walizifunga zikiwa zimegeuzwa robo duara: moja mkato juu, inayofuata mkato chini. Ndivyo zinavyowekwa mara nyingi kwenye hita za maji kwa maji, na nadhani ndizo walizozoea. Vijidirisha vya chini havikuwapo kabisa. Kila sahani yenye mkato juu ikawa bwawa dogo. Mirija ya karakana ilidumu mwaka mmoja wakati ile ya awali ilidumu miaka, na tofauti hiyo haitokani na chuma dhidi ya shaba peke yake.

Mambo matatu, basi: bomba lililopandishwa, asidi ya kaboni, na sahani zilizogeuzwa. Kama ningeruhusiwa kurekebisha moja tu ningeshusha bomba. Mita 4 za kupanda ndizo zilizoyasimamisha maji. Asidi ilipata pa kukaa kwa sababu maji yalisimama, na sahani zilipandisha kina cha maji ambayo hayakupaswa kuwamo. Mirija ya chuma kisichoshika kutu, ile ofa ya pili, ingeivumilia asidi ya kaboni vizuri sana. Ningekubali. Lakini hita ingeendelea kujaa, kugonga na kutoa maji vuguvugu, na kugonga hakuangalii aina ya chuma.

Kazi ilianza na tita. Mwenye mali alibaki na mirija ya chuma cha boila kwa sababu inapatikana mjini, nami sikumpinga. Sahani zilipangwa upya mikato ubavuni, zikachongwa vijidirisha. Mirija ilipanuliwa kwenye sahani kuu kwa ekspanda, na hapa ndipo mafundi wengi hupima kwa nguvu ya mkono tu. Hesabu ni rahisi. Tundu lina milimita 19.30, mrija 19.05, kwa hiyo kuna nafasi ya 0.25 ya kuziba kwanza. Kisha ukuta wa mrija ubanwe kiasi cha asilimia 5 hadi 8. Tulichukua 6, ambayo kwa kuta mbili za 2.11 ni 0.25 nyingine. Kipenyo cha ndani kilikuwa 14.83, kwa hiyo tunasimama kwenye 15.33. Chini ya hapo kiungo kinavuja. Ukizidisha sana chuma kinakakamaa, na tundu la jirani linavutwa likose umbo. Kila mrija ulipimwa na kuandikwa.

Upimaji wa shinikizo ulifanywa kwa maji, hewa yote ikiwa imetolewa, kwa baa 7.8, yaani mara 1.3 ya baa 6 ambazo gamba limeundwa kuzibeba. Kwa tita linalotoka, ukifunga kichwa huoni ni mrija gani unaovuja. Tulichonga ringi ya chuma kwenye lezi, ikaibana sahani kuu kwenye gamba kichwa kikiwa kimetolewa, maji yakasukumwa upande wa gamba na ncha zote 48 zikawa wazi mbele ya macho. Kiungo kimoja kilitoa jasho, kikapanuliwa tena kidogo, kikakauka. Kumbukumbu za kipimo zilihifadhiwa kwa ajili ya wakaguzi wa OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ambao hukagua boila na vyombo vya shinikizo.

Mabomba yalichukua fedha nyingi kuliko tita. Hita iliinuliwa juu ya stendi ili kondenseti idondoke yenyewe kwenye trapu ya boya iliyowekwa chini yake, kisha kwenye tangi dogo lenye bomba la hewa, na pampu ya umeme ndiyo inayopandisha hadi darini sasa. Pampu nayo ilileta ubishi. Katalogi huandikwa kwa mtu aliye usawa wa bahari. Huku maji ya tangini yako karibu kabisa na kuchemka yakiwa na nyuzi 90 na kitu, na pampu ikivuta kidogo tu yanageuka mvuke ndani yake na inaanza kusaga kama ina kokoto. Ilibidi tangi nalo lipandishwe ili pampu ipate uzito wa maji juu yake.

Juu ya gamba tuliweka valvu ndogo inayoingiza hewa shinikizo likishuka chini ya la nje, na upande wa mwisho, mbali na mvuke unapoingilia, tundu la kutolea gesi linalojifunga kwa joto. Valvu ya kuingiza hewa si bure: hewa ina oksijeni, na oksijeni hutoboa chuma kwa vishimo. Nimeikubali kwa kuwa gamba tupu lenye hewa kwa muda mfupi ni afadhali kuliko gamba lililojaa asidi kutwa.

Kuna waliopendekeza dawa za amini, kama morfolini na saikloheksilamini, zinazosafiri na mvuke na kuiua asidi huko inakokwenda. Zinafanya kazi. Kwenye kiwanda cha chakula ningekuwa mwangalifu: kanuni za Marekani zinaruhusu miligramu 10 tu kwa kilo ya mvuke unaogusa chakula, na kwa mvuke unaogusa maziwa zinakataza kabisa. Kwa dobi hilo si kikwazo. Kikwazo ni kwamba hakuna mtu pale wa kupima kila siku, na dawa inayomiminwa bila kupimwa ni matumizi tu. Tulichagua kurudisha kondenseti yote inayoweza kurudi. Maji mapya yakishuka kutoka nusu hadi sehemu moja ya tano, gesi kwenye mvuke inashuka kutoka miligramu 79 hadi karibu 32 kwa kilo, na kuni zinapungua pia, kwa kuwa hatupashi tena maji ya kisima yenye nyuzi 20.

Masika iliyofuata hita haikugonga na tangi halikufurika. Opereta ameondoa mpini wa ile koki ya chini na kuuweka kwenye kabati la spana.

Kilichobaki ni bomba la zamani la kondenseti linaloenda tangini. Limekaa na asidi ile kwa miaka, na huvuja kwenye nyuzi za skrubu, mahali ambapo ukuta wake ulikuwa mwembamba tangu mwanzo. Linabadilishwa kipande kwa kipande, kwa vipande vya kuchomelea. Tita litatolewa kila mwisho wa masika lipimwe safu za chini. Zikipoteza zaidi ya milimita 0.2 kwa mwaka, mwenye mali ataagiza ile mirija ya chuma kisichoshika kutu, baada ya maji ya kisima kupimwa kloridi, kwa sababu kloridi na joto zikikutana kwenye kunjo la U huweza kuupasua mrija wa aina hiyo hata kama asidi ya kaboni haijaugusa.